"Mmenunuliwa!": Tukisema chombo cha habari kina upendeleo, tunasema nini hasa?

Kuanzia usiku wa tarehe 9 Agosti 2022, Wakenya wengi walikaa mbele ya runinga na rimoti mkononi. Kura zilikuwa zimepigwa mchana, na vituo vikubwa vilikuwa vikijumlisha matokeo ya urais moja kwa moja hewani. Ukifungua kituo kimoja, Raila Odinga yuko mbele. Ukihamia cha pili, William Ruto ndiye anaongoza. Unakwenda jikoni kumimina chai, ukirudi mambo yamegeuka. Uchaguzi mmoja, kura zile zile, na kila skrini ina lake. Kulipokucha, kila mrengo ulikuwa umeshachagua kituo "kinachosema kweli" na kituo "kilichonunuliwa".

Maelezo yalikuwa rahisi kuliko tuhuma. Mwaka ule Tume ya Uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, kutoka vituo vya kupigia kura ili yeyote azisome. Vituo hivyo vilikuwa 46,229. Kila kampuni ya habari ilikuwa na watu wake wa kupakua fomu, kusoma namba zilizoandikwa kwa mkono na kuziingiza kwenye kompyuta. Hakuna aliyeweza kuzimaliza kwa usiku mmoja, na hakuna aliyepangiwa pa kuanzia. Fikiria gunia ambalo chini lina kunde, juu lina pojo, na ubavuni vimechanganyika. Watu wanne wakichota, kila mmoja kwa upande wake, mmoja ataapa kwamba gunia ni la kunde, mwingine ataapa ni la pojo, na kila mmoja ana ushahidi mkononi. Aliyeanza na fomu za Kisumu, Siaya na Machakos alimwona Raila amepaa. Aliyeanza na Nyeri, Kericho na Uasin Gishu alimwona Ruto.

Tarehe 15 Agosti tume ilimtangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, dhidi ya 6,942,930 za Raila, asilimia 48.85. Tofauti haikufika robo milioni katika kura zaidi ya milioni 14. Kwa pengo jembamba hivyo, kila rundo la fomu lililoingizwa liliweza kumshusha mmoja na kumpandisha mwingine.

Vituo vya televisheni vilikosea, tena vibaya, kwa kutomweleza mtazamaji jambo hili dogo. Baadaye hesabu zao zikapunguza mwendo, nyingine zikasimama kabisa, na ukimya ule ukawasha moto zaidi. Lakini kosa la kutoeleza si sawa na kupanga njama. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu sasa tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2027, majukwaa yameanza kupata joto, na neno "upendeleo" limerudi midomoni. Upendeleo upo, na nitaonyesha ninakoamini unakaa. Kwanza tutenganishe vitu ambavyo tumezoea kuvifunga kwenye furushi moja.

Kibaba, nta na nyongeza

Chukua muuza nafaka na kibaba chake. Siku moja mkono unateleza, mchele unamwagika kidogo, unapata pungufu. Hilo ni kosa. Ukirudi kulalamika, mwenye duka mwema anakujazia. Katika habari, kosa ni jina lililoandikwa vibaya, takwimu isiyo sahihi, picha ya mkutano wa jana iliyopewa tarehe ya leo. Dawa yake ni masahihisho, yatolewe haraka na mahali panapoonekana.

Muuzaji huyo huyo anaweza kukwambia, "Mimi ningekuwa wewe ningechukua huu wa Mwea, ule mwingine hauivi vizuri." Hayo ni maoni. Tahariri ya gazeti, safu ya mchambuzi, katuni: vyote vina haki ya kuegemea upande, mradi msomaji anajua kwamba anasoma maoni. Kwa hiyo gazeti linaloandika kwenye ukurasa wa tahariri kwamba fulani anafaa kuwa rais halijatenda dhambi. Magazeti mengi ya Uingereza na Marekani yamewahi kufanya hivyo. Dhambi inaingia pale maoni ya ukurasa wa tahariri yanapohamia ukurasa wa kwanza na kuvaa nguo za habari.

Sasa chukulia kwamba mwenye duka amegandisha nta chini ya kibaba. Kila mteja wa mtaa fulani anapimiwa kwa kibaba hicho, kila siku, na wa mtaa mwingine anapimiwa kwa kibaba safi. Huo ndio upendeleo. Sifa yake kubwa ni kujirudia, na kujirudia kwa kuelekea upande mmoja. Ndiyo maana habari moja mbaya, hata iwe mbaya kiasi gani, haiwezi peke yake kuthibitisha upendeleo. Unahitaji kupima mara nyingi, na upime wateja wa pande zote.

Kuna pia mteja aliyezoea nyongeza. Miaka yote alipewa kiganja cha ziada, na siku anapimiwa sawasawa na wengine anatoka dukani akisema ameibiwa. Wanasiasa wengi walio madarakani wako hapa. Rais au gavana anayefungua barabara ni habari hata isipokuwa kampeni, kwa hiyo amezoea kuonekana kila jioni. Siku mhariri anapompa mpinzani nafasi sawa na yake, anahisi amenyang'anywa.

Lugha yetu yenyewe inatupotosha kidogo hapa. Upendeleo unatoka kwenye kupenda, kwa hiyo tunakimbilia kuuliza nani anampenda nani, mhariri ni wa kabila gani, mtangazaji alionekana arusini kwa nani. Maswali hayo yanahusu moyo, na moyo wa mtu hauonekani. Kibaba kinaonekana, na kinaweza kupinduliwa kikaguliwe chini.

Kila mrengo umewahi kulia

Angalia midahalo ya urais. Ya kwanza katika historia ya Kenya ilifanyika Februari 2013. Wagombea wawili, Paul Muite na Mohamed Abduba Dida, hawakuwa kwenye orodha mwanzoni, Muite akaenda mahakamani, na mwishowe wakasimama wote wanane. Uhuru Kenyatta aliulizwa kwa kirefu kuhusu kesi yake kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, na baada ya hapo upande wake ukalalamika hata ikadhaniwa hatahudhuria mdahalo wa pili. Alihudhuria. Mwaka 2017 hakwenda. Raila akasimama peke yake jukwaani. Mwaka 2022 mambo yakapinduka: kambi ya Ruto, iliyokuwa imelalamika kwa miezi kwamba vyombo vikubwa vimeegemea upande wa Raila na kutishia kususia, ndiyo iliyofika. Raila hakutokea, na tarehe 26 Julai Ruto akajibu maswali peke yake.

Walikuwa wanasema kweli? Swali la The Hague halikuwa upendeleo. Mtu anayeomba urais huku akikabiliwa na mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu lazima aulizwe. Swali gumu huwa upendeleo pale tu mwenzake anapoulizwa anapenda chakula gani. Malalamiko ya Ruto yalikuwa na nyama zaidi, na nitayarudia nikifika kwenye umiliki.

Kabla ya hapo kuna jambo moja kuhusu sisi watazamaji. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwaonyesha wanafunzi taarifa za televisheni kuhusu mauaji ya wakimbizi wa Kipalestina mjini Beirut ya mwaka 1982. Kulikuwa na wanafunzi waliounga mkono Israeli na waliounga mkono Waarabu, na wote walitazama taarifa zile zile. Waliounga mkono Israeli waliona taarifa zimeipiga vita Israeli. Waliounga mkono Waarabu waliona zimeilinda Israeli. Picha moja, sauti moja, na kila upande unaapa kwamba umeonewa.

Yeyote aliyewahi kukaa uwanjani Gor Mahia ikicheza na AFC Leopards hashangai. Refa mmoja, filimbi moja, na majukwaa mawili yanayoamini kwamba amekula hongo ya upande wa pili. Tunapoipenda timu, faulo tuliyocheza sisi tunaisahau upesi na ile tuliyochezewa tunaikumbuka hadi mwaka ujao. Habari nzuri kuhusu mgombea wetu tunaiona ni ukweli wa kawaida, haituachii alama. Habari mbaya inatuchoma.

Hapo ndipo linapozaliwa kosa moja ambalo sisi wanahabari tunalipenda mno. Mara nyingi mhariri akishambuliwa na pande zote mbili hujifariji: kama wote wananilalamikia, basi niko katikati. Si kweli. Kibaba kinaweza kuwa kibovu kwa kila mteja. Kituo kinaweza kumwonea huyu kwenye taarifa ya saa moja na kumwonea yule kwenye ile ya saa tatu. Malalamiko ya pande zote yanathibitisha kwamba watu wanatazama, basi.

Nta iko wapi

Mahali pa kwanza pa kutazama ni katika kuchagua. Taarifa ya habari ya saa moja jioni ina muda wake. Matangazo ya biashara yanakula, michezo inakula, hali ya hewa inakula. Siku ya kampeni kuna mikutano mingi kuliko dakika zilizobaki, kwa hiyo mhariri lazima aache mingi nje. Kuacha ni kazi yake, na hakuna anayeweza kuikwepa. Swali ni anaacha nani, na kama ni yule yule kila siku.

Na hapa naona jambo linalonisikitisha kuliko mengine yote, kwa sababu halizungumzwi. Mwaka 2022 wagombea urais walikuwa wanne. Unakumbuka wawili vizuri. Wa tatu, George Wajackoyah, unamkumbuka kwa ahadi zake za kilimo cha bangi na ufugaji wa nyoka. Wa nne, David Mwaure wa chama cha Agano, wapo Wakenya waliomwona mara ya kwanza kwenye karatasi ya kura. Mdahalo wenyewe uligawanywa madaraja kulingana na asilimia za utafiti wa maoni: wenye nyingi pamoja, wenye chache pamoja. Wajackoyah alikataa mpango huo, akataka wote wanne wasimame pamoja, akaondoka. Mwaure akabaki anazungumza peke yake.

Tazama duara lenyewe. Mgombea haonyeshwi, kwa hiyo hajulikani. Hajulikani, kwa hiyo anapata asilimia ndogo kwenye utafiti wa maoni. Asilimia ni ndogo, kwa hiyo anawekwa daraja la chini na haonyeshwi. Mhariri ana sababu, kwani hawezi kumpa kila aliyelipa ada ya uteuzi muda sawa na mwenye wafuasi milioni saba. Hata hivyo hiyo ni nta, na imekaa muda mrefu hata tunadhani ni sehemu ya kibaba. Wanaolalamika kwa sauti kubwa kwamba vyombo vya habari vinawaonea ni wale wale wanaoonekana kila jioni. Waliofungiwa nje kweli hata malalamiko yao hayakupata mtu wa kuyaandika.

Mahali pa pili ni maneno, na Kiswahili ni lugha ya hatari kwa jambo hili. Soma sentensi mbili: "Mgombea alisema barabara itakamilika Desemba." "Mgombea alidai barabara itakamilika Desemba." Habari ni ile ile, lakini ya pili imeshakunong'oneza kwamba usimwamini. Mwandishi mwenye upande hahitaji kusema uongo; anahitaji tu kumpa mmoja vitenzi vizuri. Mmoja anafafanua, anasisitiza, anabainisha. Mwingine anadai, anafoka, anajitetea, anabwata. Mmoja akibadili msimamo "amelegeza kamba", mwingine "amegeuka kinyonga". Na kitenzi "kukiri" ni cha kuogopwa, kwa sababu hakuna anayekiri jambo jema. Ukiandika "alikiri kwamba alikutana na wazee", tayari umefanya mkutano wa kawaida uonekane wa aibu.

Viambishi navyo vinafanya kazi. "Vyama vidogo" ni maelezo ya ukubwa. "Vijichama" ni dharau, na silabi moja inatosha kuipitisha. Waliohudhuria wanaweza kuwa "wananchi", "wakazi", "wafuasi" au "vijana waliosafirishwa kwa malori". Na kuna ile njia ya kumficha mtenda: "polisi waliwarushia vitoa machozi" inakuwa "vurugu zilizuka", kama vile vurugu zina miguu.

Mwaka 2022 hata kuwapa wagombea vyeo kulikuwa kuchagua upande. Ruto alikuwa Naibu Rais, lakini alikuwa akigombea dhidi ya aliyetakiwa na Rais wake, Uhuru Kenyatta. Raila alikuwa kiongozi wa upinzani kwa miaka mingi, lakini tangu ile handisheki, yaani mapatano yake na Uhuru ya Machi 9, 2018, alikuwa na baraka za Ikulu. Nani hapo ni serikali, nani ni upinzani? Kambi ya Ruto ilimwita Raila "mradi" wa Rais, na yenyewe ikajiita ya mahasla, watu wa chini wanaohangaikia riziki, wanaopambana na koo za watawala. Kila mara mtangazaji alipotamka "taifa la mahasla" kwa sauti yake mwenyewe, bila kusema kwamba ni maneno ya chama fulani, alikuwa amebeba mzigo wa mgombea kichwani mwake. Inawezekana hakujua. Nta haiulizi kama ulikusudia.

Picha sihitaji kuieleza sana. Kamera ikipanda juu inaonyesha mapengo kwenye uwanja; ikishuka usawa wa vichwa, watu mia mbili wanakuwa bahari.

Mwenye duka ni nani

Sasa umiliki. Nation Media Group ilianzishwa na hayati Aga Khan wa nne mwaka 1959. Standard Group kwa miaka mingi imehusishwa na familia ya hayati Rais Daniel arap Moi. Mediamax, yenye K24 na Kameme FM, imehusishwa na familia ya Kenyatta. Royal Media Services, yenye Citizen TV, Radio Citizen, Inooro na Ramogi, ni ya S.K. Macharia. Katika kampeni za 2022, Rais Kenyatta alimuunga mkono Raila, na Macharia naye hakuficha kwamba yuko upande huo. Ndiyo sababu nasema malalamiko ya Ruto yalikuwa na nyama. Mtu anayegombea huku wenye maduka makubwa wakiwa upande wa mshindani wake ana haki ya kuomba vibaba vikaguliwe.

Lakini haki ya kukagua si sawa na ushahidi. Mwenye kituo kumpenda mgombea hakuthibitishi kwamba kila ripota wake kule Kakamega anaandika kwa amri. Mtu aliyeongoza mawasiliano ya kampeni ya Ruto, Hussein Mohamed, alikuwa amejenga jina lake kama mtangazaji wa Citizen TV. Vyumba vya habari vina watu wenye akili zao, na mara nyingi hugombana ndani kwa ndani kuhusu habari moja kwa saa nzima kabla haijakufikia. Umiliki unakwambia wapi pa kutazama, ila haukwambii utakachokiona.

Pesa ya matangazo inanitia wasiwasi kuliko jina la mmiliki. Miongoni mwa wateja wakubwa kabisa wa matangazo nchini ni serikali, na serikali inaongozwa na mwanasiasa atakayegombea tena. Machi 2024 wizara na mashirika ya umma yaliagizwa kupeleka matangazo yao ya redio na televisheni KBC pekee, shirika la utangazaji la umma. Hakuna mhariri aliyehitaji kupigiwa simu na kutishwa. Kila mkurugenzi wa fedha aliona mwenyewe pengo kwenye mapato. Upendeleo wa namna hii hauonekani kwenye habari zinazotoka. Unakaa kwenye habari ambazo hakuna aliyezipangia ripota, na msomaji hawezi kulalamikia asichojua kwamba kilikuwepo.

Upo pia wa ngazi ya chini, wa ripota anayepanda gari la mgombea kwa sababu kampuni yake haikumpa nauli, anakula chakula cha mgombea, na jioni anapewa "ya maji". Nimekaa na waandishi wa mashinani wanaolipwa kwa habari iliyochapishwa tu, na malipo yenyewe hayatoshi hata kufika kwenye mkutano na kurudi. Tukimlaumu huyo peke yake tunamwacha aliyemtuma bila nauli.

Dakika sawa si haki sawa

Watu wengi wanaamini kwamba dawa ni kuhesabu dakika: huyu kumi, yule kumi, yamekwisha. Kuhesabu kunasaidia, na waangalizi wa uchaguzi hufanya hivyo. Lakini dakika kumi za kusomewa madeni na kesi si sawa na dakika kumi za kuonyeshwa ukibeba mtoto. Mgombea anayefanya mikutano mitano kwa siku ana mambo mengi ya kuripotiwa kuliko anayefanya mmoja. Na mmoja akisema uongo jukwaani, kituo hakitendi haki kwa kumpa mwenzake nafasi sawa ya kusema uongo. Kinatenda haki kwa kumwambia mtazamaji kwamba aliyoambiwa si kweli.

Wajibu nao haulingani. Kituo cha binafsi kinabanwa na maadili ya uandishi. Cha umma kinabanwa zaidi, maana kinalipiwa na mlipa kodi wa kila chama. Kifungu cha 34 cha Katiba ya Kenya kinasema wazi kwamba vyombo vya serikali lazima visiegemee upande na vitoe nafasi ya haki kwa mawazo yanayopingana. Tanzania imekuwa na mvutano huo huo kuhusu TBC, shirika lake la utangazaji la umma. Agosti 2020, CHADEMA ilipozindua kampeni zake pale Zakhem, Mbagala, mwenyekiti wake wa wakati huo Freeman Mbowe aliwataka wafanyakazi wa TBC waondoke, akilalamikia kukatwa kwa matangazo ya moja kwa moja. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga kwa kuwafukuza. Lakini uzito wa lalamiko lake ulitokana na ukweli kwamba kile si kituo cha mtu binafsi, na mwanachama wa CHADEMA anakilipia sawa na mwanachama wa CCM.

Mahali ambapo karibu hakuna anayehesabu ni redio za lugha za mama. Tunabishana kuhusu Citizen na NTV kwa sababu wote tunazielewa. Yanayosemwa alfajiri kwa Kikalenjin, Kikikuyu, Kiluo au Kikamba yanasikika kwa wenye lugha peke yao. Tulikwisha kulipa gharama ya kutosikiliza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, akajikuta kizimbani The Hague pamoja na Ruto, hadi kesi yao ilipofutwa Aprili 2016. Nasisitiza kwamba hawakupatikana na hatia. Ila tangu wakati huo hakuna mhariri Kenya anayeweza kusema hajui redio inaweza kubeba nini. Mwaka 2013 hofu ile iliwafanya wengi wanyamaze hata pale palipohitaji maswali, na wananchi wakawalaumu kwa kuimba amani badala ya kuripoti.

Tafiti za maoni nazo zina fungu lao la lawama. Mwaka 2022 tafiti za mwisho za Infotrak, TIFA na Ipsos zote zilimweka Raila mbele, na aliyeshinda ni mwingine. Kambi ya Ruto iliziita za kupikwa. Utafiti wa maoni ni kuonja chumvi: unachukua kijiko kimoja, unakisia sufuria. Waliohojiwa wengine hawakuwa wameamua, wengine walikataa kujibu, na idadi ya hao peke yake ilitosha kubadilisha ladha. Kukosea kwa utafiti hakuthibitishi upendeleo wa aliyeutangaza. Upendeleo ni kutangaza wa Jumatatu unaokupendeza kwa herufi kubwa, na ule wa Alhamisi usiokupendeza ukauweka ukurasa wa 14. Sheria ya Kenya ya 2012 inakataza kuchapisha tafiti hizo katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi, lakini haimlazimishi mhariri kuzipa uzito sawa katika miezi iliyotangulia.

Kwa mwanasiasa anayeamini ameonewa kweli, mlango upo. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 iliunda Tume ya Malalamiko, na inaweza kusikiliza pande zote mbili na kuamuru masahihisho au radhi. Mlalamikaji anatakiwa alete kituo, tarehe, kipindi na maneno yaliyotumika. Mwananchi wa kawaida anaweza kufanya upimaji wake nyumbani bila tume yoyote: achague vituo viwili, atazame taarifa ya saa moja kwa wiki mbili, aandike kwenye daftari nani ameonyeshwa, kwa muda gani, amepewa kitenzi gani, na nani hakutajwa kabisa. Nimefanya hivyo mara moja, na kitu kilichonishtua hakikuwa jinsi mgombea wangu alivyotendewa. Ilikuwa safu moja ya daftari, yenye jina la mgombea wa tatu, iliyobaki tupu siku tisa kati ya kumi na nne.